Mishipa iliyokuwa ikijificha siku ya dripu

Nina ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo, unaokimbiza chooni mara kwa mara), naishi Tabora, na kila baada ya wiki 8 nafunga safari ya Dar kutundikiwa dripu ya infliximab, dawa ya kutuliza uvimbe huo. Dawa yenyewe hainisumbui, ni kukaa kitini saa 2 hivi. Shida ilikuwa mishipa. Nesi anafunga mpira, anapapasa, anachoma, hola. Anahamia mkono wa pili, hola tena.

Mchawi alikuwa basi nililokuwa nikipanda kwenda Dar. Mwenye utumbo huu hathubutu kunywa maji njiani, maana kondakta hasimamishi gari kila ukibanwa, hata umwite "kaka" mara ngapi. Unafika umekauka kama kiporo cha ugali, na mwili ukikauka mishipa hunywea.

Sasa napanda treni. Inajivuta, lakini ina choo, kwa hiyo nanywa maji na ORS (ile ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) tangu stesheni. Asubuhi ya dripu napiga uji, navaa sweta (Dar wananishangaa!), naning'iniza mkono na kushika chupa ya maji ya uvuguvugu. Kisha namwambia nesi mapema: "Dada, anza na wa kushoto, hapa karibu na kiwiko." Mara nyingi sindano ya kwanza tu inapata.