Zile nguo alizozishona Dorkasi

Jumapili, usiku.

Wasifu wa muuguzi mzee unaosomwa msibani huanza vilevile karibu kila mara: alikuwa mpole, mchapakazi, mcha Mungu, mama wa wengi. Hakuna uongo hapo. Shida ni kwamba ukifuta jina la marehemu ukaandika la mwingine, karatasi inabaki ileile. Nikiwaza bibi muuguzi anakumbukwaje akawa yeye na si mwingine, narudi kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 9. Dorkasi amefariki kule Yafa, ameoshwa na kulazwa orofani, Petro ameitwa. Wajane waliosimama pale hawamwelezi Petro kwamba marehemu alikuwa mwema. Wanalia, na huku wanalia wanamwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao.

Kwa muuguzi hilo ni gumu zaidi, kwa sababu kazi ya mikono yake haikuacha cha kushika. Shuka aliyoitandika ilifuliwa, kidonda alichokisafisha kilipona, na mtoto aliyempokea sasa ni mtu mzima asiyemjua. Nguo zake ni lazima zielezwe kwa maneno, na anayeeleza awe amezijua pindo zake.

Basi ukimwendea aliyefanya naye kazi, usimuulize Bibi alikuwa mtu wa namna gani. Utaletewa tena mpole na mchapakazi. Muulize alikuwa anahesabuje pumzi. Swali ni dogo, lakini hapo ndipo wauguzi wanapotofautiana. Mgonjwa akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha namna ya kupumua bila hata kukusudia. Kwa hiyo muuguzi aliyekomaa hupima mapigo kwanza, kisha hauachii ule mkono. Anaendelea kuushika kana kwamba bado yuko kwenye mapigo, kumbe macho yamehamia kifuani. Na anahesabu dakika nzima. Wenye haraka huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa 4, na kwa mtoto mchanga hilo ni kosa, maana pumzi zake hazina mwendo mmoja: huenda mbio, husita, huanza tena. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 kwa dakika, hiyo ni dalili ya hatari. Kuanzia miezi 2 hadi 11 mpaka ni 50, na kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40. Muuguzi wa zamani hakuwa na haja ya kutazama ukutani kukumbuka namba hizo. Ile saa iliyobanwa kifuani kichwa chini nayo haikuwa pambo. Aliisoma bila kugeuza mkono, na kuanzia kiwiko hadi kucha pakabaki wazi kwa kunawa: sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60, vidole gumba vikiwemo, kwa sababu ndivyo vinavyosahauliwa.

Shuka nayo ina habari zake. Wajukuu wengi hukumbuka kwamba Bibi alikunja kona za kitanda kama bahasha na kuwagombeza walioziacha zikining'inia. Waandike na sababu yake. Mkunjo mmoja chini ya mtu asiyeweza kujigeuza unatosha kuanzisha kidonda. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, na kila akigeuzwa hutazamwa kifandugu, visigino, nyonga na kisogo. Wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole ni onyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, hivyo kiganja ndicho kinachotazama: je, pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tope? Kisha ananyanyuliwa, haburutwi, maana kuburuta huchuna ngozi kutoka ndani kabla ya nje kuonekana. Kama Bibi aliwahi kumfundisha mtu wa nyumbani kumgeuza mgonjwa, hilo peke yake linatosha aya nzima, na ningelipendelea kuliko orodha ya vyeo.

Ikiwa alikuwa mkunga pia, kuna kile kipembe cha kusikilizia mtoto tumboni, kilichopewa jina la Adolphe Pinard, Mfaransa aliyekitoa mwaka 1895. Anayekijua hakishiki kwa mkono wakati anasikiliza. Hukibana kwa sikio tu, kwa sababu vidole vikigusa huleta mkwaruzo. Mkono ulioachwa huru hushika kifundo cha mkono wa mama, ahesabu mapigo ya mama papo hapo. Bila hivyo unaweza kusikiliza damu ya mama ukadhani ni ya mtoto. Mtoto aliye salama huenda mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Baada ya kuzaliwa, alama za Apgar, za kupima hali ya mtoto mchanga, hutolewa dakika ya 1 na dakika ya 5: rangi, mapigo, mwitikio, misuli, pumzi, kila kimoja 0 hadi 2. Mkunga mzoefu alikuwa ameshamaliza kuzitoa kabla wengine hawajauliza ni wa kike au wa kiume.

Na kama alianza enzi za mabomba ya sindano ya glasi, usikubali mambo yaishie kwenye "walikuwa wanachemsha". Bomba lilitenganishwa na mchi wake unaosukuma dawa, vikaoshwa, na vyenye namba moja vikarudi pamoja, kwa sababu mchi wa bomba jingine huvuja au hukwama. Viliwekwa kwenye maji ya baridi ndipo moto ukawashwa. Ukiitumbukiza glasi kwenye maji yanayochemka inapasuka. Sindano zilinolewa kwenye jiwe. Watu wa rika lake wakisikia sentensi hiyo kanisani watacheka wakiwa na machozi, na ndio wanaojua kama umesema kweli.

Makosa ya wasifu mara nyingi yako kwenye vitu vidogo. Tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti cha ubatizo huenda isilingane na ya kitambulisho wala ya barua ya kustaafu. Chagua moja uitumie kote, kwenye msalaba, kwenye kijitabu cha ibada na kwenye kinywa cha msomaji. Vyeo navyo: muuguzi msaidizi, muuguzi, mkunga na matroni (mkuu wa wauguzi) si kitu kimoja, na wenzake waliokaa viti vya mbele wanajua tofauti. "Sista" wa wodini si lazima awe mtawa. Bibi mwenye watoto sita aliyeitwa Sista na wodi nzima anahitaji maelezo ya nusu mstari, vinginevyo wageni watatazamana.

Kosa jingine ni kusema alikula kiapo kilichoandikwa na Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa. Hakukiandika yeye. Kiliandaliwa mwaka 1893 kule Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na muuguzi Lystra Gretter, kikapewa jina la Nightingale kwa heshima. Maneno ya mwanzo ya kiapo hicho yanasema muuguzi anajitoa mbele ya Mungu, na kwa bibi wa imani hilo halikuwa la sherehe tu. Likitajwa, litajwe kwa usahihi. Taa ya Nightingale pia, aliyoibeba usiku akipita kwa wagonjwa, kwa wanaopenda kuichora kwenye kijitabu, haikuwa ile yenye mdomo kama birika. Ilikuwa taa ya Kituruki ya kukunja.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote hayo ni siri za wagonjwa. Kifo cha muuguzi hakizifungui. Msibani watu husimama kwa moyo mzuri kabisa wakasema alimuuguza fulani, ugonjwa fulani, hadi akapona. Mwenye kusimama kuzungumzia maradhi yake mwenyewe ana haki. Ya mwingine, hapana, hata kama yule mwingine alishafariki. Madaftari yake ya zamu yakipatikana sandukuni yakiwa na majina, yasipigwe picha kutumwa kwenye kundi la familia. Picha akiwa na sare ni nzuri, ila tazama nyuma yake kitandani kuna nani. Dawa zilizobaki kabatini zirudishwe duka la dawa, zisigawiwe kwa majirani kama kumbukumbu. Yeye mwenyewe asingekubali.

Imani yake ionyeshwe kama nguo vilevile. "Alikuwa mwombaji" ni kichwa cha habari kisicho na habari. Aliomba saa ngapi, kwa sauti au midomo ikitikisika tu, kabla ya kuvaa sare au akiwa mlangoni pa wodi? Alimuuliza mgonjwa kwanza kama anataka kuombewa? Alipoosha maiti usiku, kabla viungo havijakaza, akimfumba marehemu macho na kumnyoosha mikono, alikuwa akisema naye kwa jina lake? Aliimba? Ubeti upi? Wauguzi wa namna yake hawakuona dozi na sala zikigombea kitanda kimoja. Dozi ilitolewa saa yake, lebo ikasomwa mara tatu, na sala ikaombwa. Sala haikuwahi kuwa sababu ya kuchelewesha dozi.

Somo la ibada huwa Mithali 31:10-31, karibu bila kujadiliwa. Ni aya nzuri, 22 kwa hesabu, kila moja ikianza na herufi yake ya Kiebrania, lakini imesomwa kwa wengi mno. Kwa bibi kuna 2 Timotheo 1:5, mahali pekee katika Agano Jipya neno la bibi linapotumika: imani iliyokaa kwanza kwa Loisi, kisha kwa Eunike, kisha kwa mjukuu, Timotheo. Kwa muuguzi kuna Mathayo 25:36. Angalia kitenzi: nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama. Hapo hajasifiwa aliyeponya. Kutazama ndiyo kazi aliyoifanya akiwa ameshika mkono wa mtu, macho kifuani.

Watoto wake nao wasilazimishwe kusema kila kitu kilikuwa kitamu. Mama mwenye zamu za usiku hulala mchana, na nyumba hutembea kwa kunyata. Krismasi nyingine alikuwa wodini. Miguu ilivimba, akainyanyua ukutani jioni, na hapo ndipo wengine waliposaidiwa masomo yao, daftari likiwa limeegemea goti. Sentensi moja ya kweli kuhusu kukosekana kwake haimpunguzii chochote, na watoto wanaoisikia wanapumua.

Kabla vitu havijagawanywa, fungua Biblia yake chini ya mwanga wa dirisha, upande mmoja, bila kuikandamiza mgongo, uzipige picha kurasa alizopigia mstari na tarehe alizoandika pembeni. Usizipange upya karatasi zilizochomekwa ndani; ziko kwenye aya zake kwa makusudi. Sauti zake kwenye simu zihamishwe sehemu mbili kabla laini haijafungwa.

Halafu andika. Ukisoma taratibu kanisani, utasoma maneno 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo dakika 6 ni maneno 600, si kurasa tano. Herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, namba kila ukurasa, nakala ya pili mkononi mwa atakayepokea kama sauti itakatika. Majina ya watoto na wajukuu yahakikiwe na watu wawili wa matawi tofauti, na waliotangulia kufa wahesabiwe. Msomee kwanza mmoja wa wenzake wa zamu. Ukiandika kwamba alikimbia wodini, atakusimamisha: muuguzi hakimbii ila kwa moto au damu, alitembea haraka.

Nakala itakayobaki nyumbani iwe na ukingo mpana upande wa kulia. Watakuja watu wenye kalamu.