Dirisha lililoganda siku ya orodha za korosho

Msimu uliopita niliandika programu ya kutayarisha orodha za malipo kwa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, upande wa Tandahimba. Niliiandika kwa lugha ya Python na PyQt, zana yake ya kutengeneza madirisha, nikiwa nyumbani Mtwara mjini, nikaijaribu kwa wakulima kumi wa kubuni, ikateleza kama mafuta. Siku ya kuikabidhi, karani akaingiza wakulima wake 1,212, akabofya "Tayarisha". Dirisha likaganda, likapauka, na Windows ikaandika juu yake kwamba programu haijibu. Akabofya tena. Na tena.

"Mwanangu, chombo chako kimezimia."

"Bado kinafanya kazi, mzee. Kiache kidogo."

Kweli kilikuwa kinafanya kazi. Baada ya dakika moja na nusu kikazinduka, kikaikuta mibofyo miwili imejipanga foleni, kikatayarisha orodha upya mara mbili zaidi. Kila mkulima akawa na mistari mitatu ya malipo. Salama yetu orodha ilikuwa haijaenda benki.

Kosa lilikuwa langu. Programu ya madirisha ina thredi kuu moja, yaani mkondo mmoja mkuu wa kazi, ndiyo inayopokea mibofyo na kuchora skrini. Niliitwika thredi hiyohiyo ukokotoaji wote. Ni kama karani wa ghala apime magunia, aandike stakabadhi na aitikie foleni nzima peke yake: akiinamia mzani, watu wanadhani amewanunia. Windows huvumilia sekunde 5 tu. Dirisha lisilopokea ujumbe wake kwa muda huo hutangazwa kuwa halijibu.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa ya kivivu: nikaweka QProgressDialog, kile kidirisha chenye mstari unaojaa, na kuusogeza ndani ya kitanzi, ile sehemu ya msimbo inayojirudia kwa kila mkulima. Hapo nikagundua kwamba chenyewe husubiri sekunde 4 kabla ya kujitokeza, ili kazi fupi zisimulike mulike skrini. Nia njema, lakini kwa mzee yule sekunde 4 zinatosha kubofya mara sita. Nikaishusha subira hiyo hadi 0, na kitufe cha "Tayarisha" nikakizima mara tu kinapobofywa.

Mstari nao ukawa mwongo. Ulifika asilimia 99 kwa sekunde kumi, ukakaa hapo zaidi ya dakika. Nilikuwa nahesabu wakulima waliokwisha kukokotolewa, kumbe kinachokula muda ni kuandika faili za PDF. Nikapima kwenye kompyuta yao, si yangu, kisha nikaupa ukokotoaji sehemu ndogo ya mstari na PDF sehemu kubwa.

Ndipo nikahamishia kazi kwenye QThread, thredi ya pili kando ya ile kuu. SQLite, hifadhidata yangu, ikagoma papo hapo: muunganisho uliofunguliwa kwenye thredi moja, Python haikuruhusu kuutumia kwenye nyingine. Nikaufungua ndani ya thredi ya kazi. Thredi hiyo haigusi kidirisha kabisa. Inatuma ishara tu, tena kila baada ya wakulima 20, na thredi kuu ndiyo inayochora.

Kitufe cha "Sitisha" ndicho kilichoninyima usingizi. Nilikiunganisha na kitendo kilichokuwa kwenye thredi ya kazi, nikabofya, kimya. Thredi ilikuwa imezama kitanzini, na agizo langu likasubiri mlangoni hadi kazi ikaisha. Dawa yake ni requestInterruption, amri ya kuiomba thredi isimame, halafu kitanzi chenyewe kiulize kila mzunguko kama kimeombwa kusimama. Lakini kusimama katikati bila kufuta ni balaa jingine, nusu ya wakulima wana malipo na nusu hawana. Kwa hiyo yote yanayoandikwa kwenye hifadhidata nikayafunga kwenye muamala mmoja, yaingie yote au yasiingie kabisa: ukisitisha, yote yanarudi nyuma, na PDF zilizokwisha kuandikwa zinafutwa.

Niliporudi na toleo jipya, mzee aliutazama mstari ukijaa, akatikisa kichwa.

"Hizi asilimia ni za nini? Niandikie imefika kijiji gani."

Orodha tayari ilikuwa imepangwa kwa vijiji, kwa hiyo ilikuwa mistari mitatu ya msimbo. Nikaiandika palepale mezani kwake. Akabofya mara moja, akaegemea kiti, na jina la kijiji cha tatu lilipotokea akawapazia sauti waliokaa chini ya mwembe: "Nyie wa mwisho, nendeni mkanywe chai kwanza."