Kumpenda mtu ambaye hatafikisha miaka 18

Usiku wa leo nimemaliza sura niliyokuwa naiogopa tangu nianze hii riwaya, ile ambayo binti anatimiza miaka 18 na kijana anayempenda bado ana 17, na ataendelea kuwa na 17 mpaka kitabu kiishe na hata kikishaisha, maana alishakufa kabla ya ukurasa wa kwanza. Nimeiandika kwa mkupuo mmoja bila kunyanyuka, alafu nilipofika mwisho nikakaa tu naangalia skrini, moyo mzito, na ndo maana nimekuja kuandika huku kwanza kabla sijalala.

Ni stori ya mapenzi ya vijana, mmoja hai mmoja mzimu. Najua kuna watu wakisikia hivyo wanakunja uso, wanaona ni mambo ya kitoto, ila mi naipenda hii aina ya hadithi kwa moyo wangu wote na sioni cha kuiombea radhi. Umri ule wa 16, 17 ndo umri ambao mtu anapenda kwelikweli kwa mara ya kwanza, na kwa wengi ni umri huohuo ambao kifo kinaacha kuwa habari za wazee, kinamchukua mtu wa rika lako, mtu mliyekuwa mnachati naye juzi na meseji zake bado zipo kwenye simu. Hayo mambo mawili yanakuja karibukaribu sana na hamna anayekufundisha namna ya kuyabeba yote kwa pamoja. Hadithi ya binti na mzimu inayaweka chumba kimoja na kufunga mlango, yani inakwambia haya, unampenda huyu, na huyu amekufa, sasa utafanyaje?

Kinachonila muda ni sheria. Ukiandika mzimu lazima ujiwekee sheria na uzifuate mpaka mwisho, kwa sababu msomaji anakubali kirahisi kabisa kwamba marehemu kasimama mlangoni, asichokubali ni marehemu ambaye jana alipita ukutani leo kaegemea meza bila maelezo. Wa kwangu hagusi wala haguswi. Ile ya chumba kuwa cha baridi akiingia nimeiacha, imetumika mno. Sauti yake anaisikia binti peke yake, kwahiyo wakiwa barazani nyumbani kwa kina kijana binti anaweka simu sikioni ili watu wasimshangae anaongea na nani, na kuna siku simu inaita kweli ikiwa palepale sikioni. Kijana hakumbuki alivyokufa ila asubuhi ya siku ile anaikumbuka yote, mpaka kiatu kipi alianza kuvaa. Na asipokuwa na binti hajui huwa yuko wapi, anachoona yeye ni kwamba ilikuwa mchana na sasa taa zimewashwa.

Hii sheria ya mwisho nimeihangaikia sana. Nilitaka ahera yangu isiwe na ramani, isiwe na ngazi wala malango wala mtu mwenye daftari la majina, kwa sababu ukishaionyesha tu msomaji anaanza kuangalia mandhari na kusahau hawa wawili. Kijana mwenyewe hajui. Binti anamuuliza mara nyingi, kuna nini huko, na yeye anataka kumjibu, anajitahidi kabisa, na hana cha kusema. Mi naona inatisha kuliko moto na minyororo, na inaleta huruma pia, maana hata yeye ni mgeni wa hayo mambo kama sisi.

Watu wanadhani mapenzi bila kushikana yamepungukiwa kitu, mi naona ndo panapoanza kunoga. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii: kijana enzi za uhai wake alikuwa mtu wa vitabu, sasa hawezi kufunua ukurasa, basi binti anafungua kitabu mezani, yeye anasimama nyuma ya bega lake, wanasoma pamoja. Kijana anasoma haraka kuliko binti. Anafika chini ya ukurasa, anasubiri, hasemi kitu, na binti anajua kwamba anasubiriwa, siku nyingine anachelewa kufunua kwa makusudi ili asimame hapo kidogo zaidi. Hakuna kilichotokea hapo, hawajaguswa hata unywele, na bado nikiisoma tena napata joto usoni.

Ila umri unaumiza jamani. Mwanzoni kijana ndo alikuwa mkubwa kwa miezi kadhaa na alikuwa anajivunia, anamwita binti mdogo wangu ili kumchokoza. Sasa kalenda imempita. Leo ni 18 kwa 17, inavumilika, ila msomaji yeyote anayefikiri anaona inakoelekea, kuna siku binti atakuwa na 25, kuna siku atakuwa na 30 na kazi na mikunjo ya kwanza machoni, na atakuwa anampenda mtoto. Haiwezekani. Kwenye zile hadithi za mapenzi na wanyonya damu, ambazo kuanzia mwaka 2005 zilienea kila kona, kulikuwa na upenyo, jamaa hazeeki lakini anaweza kumgeuza binti akawa kama yeye wakadumu. Mzimu hana zawadi hiyo. Akitaka binti awe kama yeye maana yake ni moja tu. Kwahiyo mapenzi haya yana saa inayohesabu tangu siku ya kwanza na wote wawili wanaisikia.

Na watu wameanza zamani sana kuyaandika. Karne ya 2 kuna mwandishi Mgiriki, Phlegon wa Tralles, aliandika kisa cha binti anaitwa Philinnion, amekufa hata miezi 6 haijaisha, anaanza kuja usiku kwenye chumba cha mgeni aliyefikia kwa wazazi wake, kijana anaitwa Machates. Kijana hajui kwamba ni marehemu. Anampa pete ya chuma na kikombe kilichopakwa dhahabu. Wazazi wanakuja kugundua, wanaingia, wanamkumbatia mtoto wao wanalia kwa sauti, na yeye anawalaumu, anasema wamemwonea choyo siku tatu tu za kukaa na mgeni, alafu palepale anaanguka, maiti kwa mara ya pili. Wanaenda kufungua kaburi, mwili wake haumo, wanakuta pete na kikombe.

Nilipokisoma hicho kisa mawazo yangu hayakukaa kwa Machates hata kidogo, yalikaa kwa mama. Fikiria mwanao umemzika, unalia kila siku, kumbe karudi, yuko nyumba hiyohiyo uliyolala, na hakuja kwako. Kaenda kwa mgeni. Hilo limeniganda kichwani mpaka limebadilisha riwaya yangu, ntalirudia.

Kisa kinaishia kwa Machates kujiua kwa huzuni. Hiyo ni njia moja ya kumaliza, aliye hai anamfuata aliyekufa. Njia ya pili ni aliyekufa kurudi kabisa. Tang Xianzu wa China mwaka 1598 aliandika tamthilia ya maonyesho 55 kuhusu Du Liniang, binti wa miaka 16 anayeota ndotoni kijana wasiyejuana, anaamka, anamtamani mpaka anakufa kwa kumtamani, na miaka mitatu baadaye kijana mwenyewe anatokea kweli, anaokota picha aliyojichora yule binti kabla hajafa, anaipenda, mzimu unamjia, hakimu wa kuzimu amesharuhusu arudi, kijana anafukua kaburi na binti anaamka mzima, na ndoa wanafunga. Ni nzuri mno, naielewa kiu iliyoizaa, nani ambaye hajawahi kuitamani.

Mimi zote mbili nimezikataa. Hiyo ya kufufuka naikataa kwa sababu mtu aliyefiwa kweli akifika hapo kitabu kinamwacha peke yake, wa kwenye kitabu kapewa wake, wa kwangu je? Na ile ya kumfuata naikataa kwa nguvu zaidi, hapa sitaki kuzungushazungusha maneno. Hivi vitabu wanasoma watoto wa miaka 14, 15, wanasoma usiku, peke yao, na baadhi yao wamepoteza mtu. Sitaki binti mmoja kati ya hao akute kwenye ukurasa niliouandika mimi kwamba kifo ni mlango na mpenzi wake yupo upande wa pili anasubiri mikono wazi. Najua inavutia, najua kuna namna ya kuiandika ikawa tamu na ya kuliza, na ni kwa sababu hiyohiyo siandiki. Binti wangu ataishi. Atazeeka. Hilo nililiamua kabla sijajua hata jina lake.

Kuna kitu kingine kinachonifanya niendelee na mizimu. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti kwenye British Medical Journal, alizungumza na wajane na wagane 293 akakuta karibu nusu yao walikuwa wamemsikia au wamemwona au wamehisi tu kwamba marehemu wao yupo nao, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu mpaka alipowauliza yeye. Wengi pia walisema iliwasaidia. Hao ni watu wazima, wana akili zao timamu, wamekaa na hilo jambo kimya kwa miaka. Hapo swali la kama mizimu ipo au haipo linaweza kusubiri. Mimi nataka kujua wanafanya nini na hilo jambo, asubuhi wakiamka, wanaendaje kazini nalo.

Nilikuwa na rafiki aliyefariki tukiwa bado shuleni. Haikuwa mapenzi, au pengine ingekuwa, hatukupewa muda wa kujua. Kwa muda mrefu baada ya hapo nikitembea njia tuliyokuwa tunatembea wote nilikuwa namsikia anacheka, nyuma yangu upande wa kushoto, kile kicheko chake cha kuvuta pumzi. Sikumwambia mtu. Niliogopa wataniombea, au watanipeleka mahali, au mbaya zaidi watanihakikishia kwamba hamna kitu, na mimi nilikuwa sitaki kiondoke. Nilipokuja kusoma huo utafiti nikiwa mtu mzima nililia kwa furaha, kweli kabisa, ilikuwa kama kukuta jina langu kwenye orodha nisiyojua ipo. Na mwaka 1996 wakatoka watafiti watatu, Klass, Silverman na Nickman, na kitabu kizima wakipinga ile dhana kwamba ili uomboleze vizuri lazima umkate marehemu, umwache aende, ufunge ukurasa. Wao wakaonyesha kwamba watu wengi wanabaki na uhusiano na marehemu, unabadilika umbo tu, na wanaishi vizuri.

Kwahiyo mwisho wangu hauko kwenye kuachana kwa nuru. Mnaijua ile, mzimu anamaliza kilichomzuia duniani, mwanga unatokea, anafifia huku anatabasamu, na binti anabaki kasimama mikono mitupu. Sitaki asimame tu. Nataka binti ndo aondoke. Amepata nafasi ya kusoma mbali, anapanga nguo, anajua kijana hatoki kwenye ile nyumba, na anamwambia usoni naondoka na nikirudi ntakuwa mkubwa kuliko wewe zaidi, na bado anaenda. Na kijana anamruhusu, hafanyi hila, hamlilii abaki. Kwangu hapo ndo kijana anakuwa mpenzi wa kweli, kuliko maneno yote matamu niliyompa sura za katikati.

Ila hapohapo ndo mama anaingia. Mama wa kijana anaishi nyumba ileile, analala chumba cha pili, amekuwa akimkaribisha binti kila akija akidhani anakuja kumliwaza, na muda wote huo mwanae alikuwa pale ghorofani na mama hajui. Nikimwacha binti aondoke bila kusema atakuwa amemnyang'anya yule mama kitu ambacho ni chake kuliko cha binti. Nimeamua atamwambia. Sijali kama mama ataamini au hataamini, nimeandika tayari kwamba swali la kwanza la mama halihusu imani kabisa, anauliza tu, "Huwa ananiulizia?"

Nilitaka binti ajibu ndiyo na nikagoma kuandika, kwa sababu nimepekua sura zote nyuma na kijana hajamuulizia mama yake hata mara moja, alikuwa kashikwa na mapenzi, ana 17, ndivyo walivyo. Na sitaki binti amdanganye yule mama. Kwahiyo kesho narudi sura ya nne, kuna pale kijana anaielezea ile asubuhi yake ya mwisho, viatu na nini, ntamtafutia nafasi hapo amtaje mama yake, aulize anakula, analala, nani anamfungia yale madirisha mazito ya nyuma, na binti ajibu vizuri, taratibu, ili akija kuulizwa na mama awe na kitu cha kweli cha kumpa.