Kila mtu awe mgeni: tulivyoikutanisha timu yetu Marangu

Kampuni yetu haina ofisi. Tunatengeneza programu ya hesabu kwa ajili ya vyama vya akiba na mikopo na vyama vya ushirika wa mazao, na kila mtu anafanyia kazi alipo: wengi Nairobi, wachache Dar es Salaam, halafu mmoja mmoja Mombasa, Mwanza, Kampala, Kigali na Bujumbura. Tunaonana kwenye skrini kila asubuhi, na haipiti wiki bila mtu kusahau kwamba Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja. Ana kwa ana tunakutana mara moja kwa mwaka. Wenyewe tunaita kambi. Kuipanga kulinifikia mimi kwa sababu ndiye ninayeshika malipo, na risiti zote mwisho wake ni mezani kwangu.

Kabla sijapewa kazi hiyo, kambi ilikuwa inafanyika Nairobi. Kwa hesabu ya nauli huwezi kubisha: wengi wako kule, waite wachache. Lakini nilishahudhuria kama mgeni kutoka Dar, na nilijua ilivyokuwa. Ikifika saa kumi na moja jioni wenyeji wanaanza kuchungulia simu. Kuna foleni ya Thika Road, kuna mtoto wa kuchukuliwa, kuna fundi anasubiri getini. Sisi wengine tunabaki hotelini kula wali na wale wale tuliokula nao jana. Asubuhi wenyeji wanarudi na stori zao za nyumbani, na kwenye meza inakuwa kama kwenye skrini: Nairobi wanaongea, wengine tunaitikia.

Kwa hiyo nilipokabidhiwa niliweka sharti moja tu: tukutane mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu atakayelala kwake. Mkurugenzi, ambaye naye ni wa Nairobi, aliniuliza, "Dada, unajua umeniongezea nauli za watu wangapi?" Nilijua, nilishaziandika. Nilimwonyesha pia profoma, yaani makadirio ya bei, ya nyumba ya masista Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, chumba cha peke yako na milo mitatu, nikaiweka pembeni ya ile ya hoteli ya Nairobi inayotoza ukumbi kivyake, projekta kivyake na chai ya saa nne kivyake. Tofauti ilibeba nauli karibu zote. Akasaini.

Marangu sikuichagua kwa sababu ya mlima. Niliichagua kwa sababu inafikika kutoka pande zote na haina mwenyeji kati yetu. Wa Kampala, Kigali na Bujumbura walishuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, gari ikawasubiri. Wa Nairobi walipanda vibasi vya kila siku vinavyopita Namanga na Arusha hadi Moshi. Wa Mombasa alipitia Voi na Taveta, akavuka Holili, akashuka Himo pale njia panda. Sisi wa Dar tulichukua treni ya usiku, ile iliyorudishwa Desemba 2019 baada ya njia kukaa bila abiria kwa zaidi ya miaka 20. Inakwenda taratibu, lakini tulifika tukiwa tumeshamaliza nusu ya maongezi ya kambi. Aliyepata safari ndefu kuliko wote ni wa Mwanza, ambaye hakuvuka mpaka hata mmoja.

Kuhusu mipaka, mtu yeyote anayepanga jambo kama hili aanzie hapa, miezi kadhaa kabla, kabla hata ya kuulizia vyumba. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu, na wamezoea hivyo. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Kijana wetu wa Kampala alikuwa ameingia Kenya mara nyingi na kwa miaka yote hakuwahi kumiliki pasipoti. Halafu kuna kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho anayetoka Kenya, Uganda au Burundi anaweza kudaiwa mpakani. Cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo hakuna kuchanjwa leo na kusafiri kesho. Nafuu ni kwamba tangu 2016 chanjo moja inatambulika maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Niliomba kila mtu anitumie picha ya pasipoti na kadi, na sikukata tiketi ya mtu ambaye picha zake sijaziona. Walinung'unika, nami nikawaacha wanung'unike.

Tarehe nazo zina mambo yake. Masika hupandi huko na kosta. Agosti shule za Kenya zinafunga na wazazi wana watoto nyumbani. Tukaangukia Septemba, kahawa ikiwa inavunwa, nitafika huko. Ndani ya wiki yenyewe tulifanya kazi Jumatatu hadi Alhamisi, kwa sababu timu ina Waislamu wa Ijumaa, Msabato wa Jumamosi na Wakatoliki wa Jumapili. Siku nne hizo hazimgusi mtu. Chakula nilikiongea na Sista wa jikoni mapema: nyama ichinjwe na Mwislamu, na kitimoto, yaani nguruwe, isiingie kabisa kwenye vyungu vyetu. Sista akacheka, akasema, "Mwanangu, uko Uchagani, lakini nimekuelewa." Waliokuwa na hamu yao waliteremka mjini usiku kwa nauli zao.

Posho ilileta mjadala. Watanzania tumezoea semina yenye bahasha, Wakenya wanataka perdiemu ya kiwango kinachojulikana, na wa Kigali alishangaa kwa nini apewe hela wakati chakula na malazi vimelipwa. Tulikubaliana kampuni ilipe kila kitu moja kwa moja, na kila mmoja apate hela ya mfukoni iliyo sawa, mkurugenzi kwa mfagizi wa data, iingie kwenye simu kabla ya safari. Juu ya hapo tuliweka fungu kwa anayeacha watoto na kumlipa mtu wa kukaa nao. Mwenzetu mwenye mtoto anayenyonya alikuja naye pamoja na dada wa kazi, na chumba chao tulikilipa sisi. Kwa maoni yangu fungu hilo lilifanya kazi kubwa kuliko posho yoyote, maana ndilo lililoamua nani anaweza kuja na nani atatuma udhuru.

Ratiba niliipigania kuliko bajeti. Mkurugenzi alitaka silaidi za malengo ya mwaka. Nilimwambia silaidi tuzitume wiki moja kabla, kila mtu asome kwake. Hatuwezi kuvuka mipaka ili tukae kwenye giza tukitazama projekta. Asubuhi tulijadili yale tu yaliyotugombanisha kwenye kundi la WhatsApp. Mchana tuliachia nafasi. Michezo ya kufumbana macho na kubebana ya hao wanaoitwa wataalamu wa timu bildingi sikuileta, siipendi. Kitu kimoja hakikuwa kama nilivyotarajia: kuna watu ambao kwa maandishi ni moto wa kuotea mbali, lakini ukiwaweka mezani wanakuwa wazito. Kwa ajili yao kila asubuhi tulianza kwa kuandika kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, halafu tunasomeana.

Asubuhi iliyolipa gharama zote ilikuwa ya Jumatano, tulipokwenda kwenye chama cha msingi cha ushirika kutazama kahawa ikipokelewa. Huko ushirika si jambo la jana. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao 1925, na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya huko, ni ya 1933. Waandishi wetu wa programu wengi walikuwa hawajawahi kuona mizani ya mazao. Walisimama nyuma ya karani wakimwangalia akipima magunia na kuandika kwenye daftari.

Kwa muda mrefu tulikuwa na ugomvi na mwenzetu wa Mombasa, anayepokea simu za wateja. Alikuwa analalamika kwamba programu inakataa wanachama. Wa Nairobi walikuwa wanamjibu kwamba inakataa kwa sababu makarani wanaingiza namba za simu tofauti kwa mwanachama mmoja, na mwanachama mmoja ana simu moja, basi. Pale kwenye mizani akaja kijana na gunia, akataja namba ya uanachama. Baadaye kidogo akaja mwingine, namba ileile. Halafu mama mmoja mtu mzima, namba ileile. Mmoja wetu akamuuliza karani kama haoni kuna makosa. Karani akamtazama kwa upole. "Namba ni ya marehemu mzee. Hawa ni wanawe, yule ni mjane wake. Kihamba bado hakijagawanywa." Kihamba ni shamba la ukoo. Pembeni ya kila mzigo alikuwa ameandika kwa penseli jina la aliyeleta, ili hela isije ikaleta vita nyumbani.

Hakuna aliyesema kitu kwenye kosta hadi tulipofika. Baada ya chakula cha mchana wale wa Nairobi walimwita wa Mombasa wakaketi chini ya mti na daftari, na hadi chai ya jioni walikuwa wamechora upya sehemu ya wanachama: namba moja, wapokeaji wengi. Kwenye skrini suala hilo lilitushinda miezi mingi.

Safari ijayo Kisumu ilikuwa juu kabisa kwenye orodha yangu, hadi tulipoajiri mtu wa Kisumu. Nikaikata. Sasa nafuatilia bei za Jinja, ambako hatuna mtu, na safari hii ni Watanzania ninaowasumbua kwa picha za kadi ya manjano, maana Uganda inaidai kwa kila anayeingia. Wawili hawajanijibu bado.