Susi alikuja mbio

Mkimbiaji wa Dar hajui kilima. Sisi kwetu tunavuka Daraja la Tanzanite alfajiri, tukifika pale juu tunasimama kupiga picha kana kwamba tumemaliza mlima. Kwa hiyo shemeji yangu wa Kigoma aliponiambia kwenye simu, "Njoo na raba zako, huku kuna vilima viwili vitatu vya kujinyoosha," nilimwona anajitapa tu.

Nilikwenda kwa treni. Kutoka Dar ni kilomita 1,252, na ukishuka pale stesheni unaelewa kwa nini wenyeji wanauita mji wao mwisho wa reli: jengo la Wajerumani liko nyuma yako, mbele ni maji ya Ziwa Tanganyika. Reli ilifika hapo 1914. Zaidi ya hapo ni mtumbwi.

Siku ya kwanza tulikwenda Kibirizi, mbio za kuamsha miguu, karibu tambarare yote. Dagaa walikuwa wametandazwa wanaanikwa, na harufu yake ukihema kwa nguvu inakaa kooni hadi jioni. Mvuvi mmoja alikuwa anafuta taa zake taratibu, hana haraka. Mbalamwezi ilikuwa kubwa wiki ile, na mwezi ukiwaka ziwa zima dagaa hawana sababu ya kuifuata taa. Wavuvi wanalala. Sisi tukarudi nyumbani kunywa chai.

Siku ya pili ndiyo niliyojutia maneno yangu. Tulipanda bodaboda hadi Mwandiga, tukashuka, tukaanza kukimbia barabara inayokwenda Manyovu, mpakani na Burundi. Lami nzuri, sina neno nayo. Ila inapanda. Inapanda, inakata kona, unadhani umefika juu, kumbe ile ilikuwa kona tu. Pande zote mbili michikichi, migomba, mihogo, na nyumba za tofali zilizochomwa zimeng'ang'ania mteremko kama zitateleza. Shemeji, ambaye ana miaka kumi zaidi yangu na raba zilizogundishwa na fundi viatu mara mbili, alikuwa anapanda huku anapiga stori. Mimi kichomi kilinishika ubavuni kabla hatujamaliza kilomita ya tatu, nikawa namjibu kwa kichwa.

Pale pale akanipita bibi mmoja. Alikuwa anatembea, sisemi alikuwa anakimbia. Kichwani kabeba mkungu wa ngazi, zile tunda nyekundu za mchikichi, mzigo ambao mimi ningeuweka kwenye toroli. Akatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," mimi nikaitikia kwa nilichonacho: "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani anawakimbiza?"

"Hakuna, bibi. Mazoezi tu."

Akanitazama kuanzia raba hadi kofia. "Basi chukua huu mkungu, mazoezi yakolee."

Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Niliupokea, nikaenda nao hatua kama hamsini, miiba yake ikanichoma viganja, nikamrudishia mwenyewe kwa heshima zote. Alikokuwa anaupeleka hapakuwa mbali: pipa la kukamulia mawese chini ya mwembe, vijana wawili wanalizunguka wakisukuma mti mrefu kama ng'ombe wa kinu. Ngazi zilizochemshwa zinapondeka humo ndani, na kinachotoka ni uji wa rangi ya machungwa wenye povu, ambao unachemshwa tena mpaka mafuta yajitenge juu. Kokwa hazitupwi. Zile ndizo mise, nazo zinatoa mafuta yake ya kutengenezea sabuni. Wale vijana walikuwa wamezunguka tangu asubuhi. Nilitazama saa yangu ya kuhesabu hatua, nikaishusha chini ya mkono wa shati.

Mizigo ilinikaa kichwani usiku ule, na si ya bibi peke yake. Barabara ya misafara ya karne ya 19 ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia hapa jirani, Ujiji, kama kilomita 1,200. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba kilo 30 hivi: nguo, shanga, waya za shaba kwa kuja, pembe za ndovu kwa kurudi. Na kwenye kurudi huko walikuwapo watu ambao hawakulipwa ujira wowote, wamefungwa minyororo, wengi wao kutoka ng'ambo ya ziwa. Na sisi kesho yake tulipanga kukimbia hadi Ujiji, mwisho wa njia hiyo, mikono mitupu.

Tulianzia stesheni saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka ziwani hadi Mwanga ni mpando mtupu wa Barabara ya Lumumba, maduka yanafunguliwa, mama lishe wanawasha mkaa. Nilipofika juu nikageuka. Ziwa lote lilikuwa pale chini, na ng'ambo milima ya Kongo kama wino uliomwagikia maji. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipofika huku Februari 1858, Speke alikuwa anaumwa macho hata asilione ziwa vizuri. Miezi yote ile njiani, kisha unafika na kuona ukungu. Nilimhurumia, na mimi si mtu wa kuwahurumia wale.

Baada ya Mwanga njia inashuka polepole kuelekea Ujiji. Miembe mikubwa ilianza kuonekana, Novemba, embe changa zimedondoka na kutapakaa njiani, unakanyaga moja unakaribia kuanguka. Katikati ya mteremko soli ya raba ya shemeji ikabanduka. Kwanza ikawa inapiga makofi, pa, pa, pa, watoto wa shule wakaigiza. Akaifunga kwa kamba. Kamba ikakatika. "Tangulia," akanambia, "mimi nakuja."

Ujiji ni mji mwingine kabisa. Misikiti, barza, wazee wa kanzu, Kiswahili ambacho kinafanana na cha mwambao kuliko cha jirani zake, na majina ya Kimanyema yaliyovuka ziwa zamani. Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alikuwa na ngome yake hapa. Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alirudi hapa Oktoba 1871 akitokea Manyema, ng'ambo ya ziwa, mgonjwa, akakuta bidhaa zake alizotumiwa zimeuzwa na aliyekabidhiwa kuzitunza. Alikuwa amebaki kuwa mtu wa kusaidiwa.

Kwenye kumbukumbu yake nilikuta miembe, ambayo si ule wenyewe aliokutana chini yake na Stanley bali watoto wake, kwani mama yao ulikufa zamani. Nikakuta pia sanamu za wanaume wawili wakivuliana kofia, Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, na Livingstone, 10 Novemba 1871. Watu wote wanakuja kwa sababu ya zile kofia. Mimi nilikuwa namtafuta mwingine.

Maana Livingstone mwenyewe aliandika kwenye shajara yake jinsi habari ilivyomfikia. Stanley alikuwa ameingia mjini kwa bendera na milio ya bunduki baada ya zaidi ya miezi saba njiani. Aliyetoka kumlaki kwanza ni Susi, mtumishi wa Livingstone, kisha Susi huyo huyo akarudi kwa bwana wake mbio zote, anahema, akasema: Mwingereza! Namwona! Halafu akatimka tena. Kwa hesabu ya mkimbiaji, siku ile kazi yote ilifanywa na Susi. Hao wengine walivua kofia. Na miaka miwili baadaye, 1873, Livingstone alipofia Chitambo, Zambia ya leo, ni Susi na Chuma na wenzao waliobeba maiti yake kwa miguu hadi Bagamoyo.

Nikamuuliza mzee mmoja aliyeketi kivulini: "Shikamoo mzee. Susi alikuja akitokea upande gani?"

"Marahaba." Akafikiri. Akanyoosha bakora kuelekea barabara niliyotokea. "Msafara ulitoka huko. Sasa na yeye atoke wapi?" Kisha akaonyesha upande wa pili, kwenye ufuko wanapochonga boti. "Na ziwa lilikuwa karibu zaidi. Maji yalikimbia." Ni kweli: miaka ile ziwa lilikuwa juu, hadi mto Lukuga, upande wa Kongo, ulipofungua njia likashuka mita kadhaa.

Nilirudi barabarani hadi penye mwembe wa kona, nikageuka, nikakimbia kile kipande kwa nguvu zote zilizobaki. Mita mia mbili labda. Watoto watatu wakaniunga mkono, wakanipita. Nilifika kwa mzee nimeinama, mikono magotini, sauti haitoki.

"Haya," akasema, "umekuja mbio. Nani anakuja?"

Nikainua kichwa. Kule mbali, katikati ya barabara, mguu mmoja pekupeku na raba mkononi.

"Shemeji yangu, mzee," nikasema. "Namwona."