Kulea watoto wadogo ugenini bila gari

Tulipohamia nchi ya nje na watoto wawili, mmoja wa kubebwa na mwingine anayejua kukimbia lakini si kusimama, tuliamua kutonunua gari. Wengi walituonea huruma kwa sababu ya mvua na baridi, ilhali kilichotusumbua hasa ni lifti za vituo vya treni: ikiharibika moja, mzazi mwenye kigari cha mtoto hulazimika kushukia kituo cha mbele na kurudi kwa basi, au kumwomba mpita njia amsaidie kukibeba ngazini. Ndiyo maana tuliachana na kigari kizito tukachukua chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja, na mdogo nikambeba kwa mbeleko, ambayo kwa maoni yangu haijapata mshindani.

Baiskeli ilikuja baadaye, mdogo alipoweza kukaa imara bila kuegemezwa. Kiti cha mbele kwa kawaida hubeba mtoto asiyezidi kilo 15, na cha nyuma kilo 22. Kisichoandikwa kwenye maelezo ni kwamba mtoto akisinzia, kichwa huinamia upande mmoja na wewe unaanza kuendesha kama aliyebeba mayai.

Safari ni ndefu, kwani mkubwa husimama kutazama kila konokono, lakini sasa njia ya shuleni anaijua kuliko mimi. Kwa dharura za usiku tunaita teksi bila kuona haya, na kiti cha mtoto cha garini kipo tayari nyuma ya mlango.