Nani atapanda mpaka ghorofa ya tatu?

Sisi tunaochora majengo ya biashara Kariakoo tumelelewa na kanuni moja: mteja hapandi ngazi. Kila ngazi inakula kodi. Fremu ya chini inagombaniwa kwa kilemba, ile hela ya kushikia nafasi mbali na kodi, kabla zege halijakauka, ya juu inabaki stoo ya maboksi. Nilipoingia ofisini, wakubwa zangu hawakuhitaji kunieleza sana. Walininyooshea kidole kuelekea Ilala, lilipo jengo la Machinga Complex. Lilikamilika 2010 ili wamachinga watoke barabarani, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vyake ikakaa tupu. Wenyewe walirudi zao chini, maana mpita njia hapandi ghorofa kwenda kutazama soksi.

Marehemu Beda Amuli alilielewa hili mapema kuliko wengi. Soko Kuu la Kariakoo alilolibuni, lililofunguliwa 1975, lilikaa chini ya miavuli mikubwa ya zege iliyokinga mvua na kuyapeleka maji kwenye tangi chini ya ardhi. Mizigo na biashara ya jumla zikawa na shimoni pao, na mnunuzi aliingia kutoka barabarani bila kuhisi amevuka mlango. Lilipoungua Julai 2021, wenzangu kwenye fani waliombolezea paa. Mimi niliombolezea ule urahisi wa kuingia.

Kwa hiyo Haji (namwita hivyo tu) aliponiletea kiwanja cha familia yao, jibu nilikuwa nalo mfukoni. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, na warithi waliochoka kugawana kodi ndogo. Alitaka ghorofa nne. Nikamwambia hizo za juu zitamla hela. Akacheka. “Injinia, wewe unapita chini tu. Panda uone.” (Mimi si injinia. Nimeshaacha kubisha.)

Nikapanda jengo la jirani. Ghorofa ya tatu, joto la kukausha samaki, na fremu zote zimepangishwa. Katika mojawapo dada mmoja alikuwa ameegemeza simu kwenye boksi la viatu, taa ya duara inawaka, anaonyesha madera moja moja huku akijibu maswali ya watu walioko Mwanza na Songea. Malipo yanaingia kwa simu, bodaboda anachukua kifurushi, kinakwenda stendi ya Magufuli kule Mbezi kupanda basi la usiku. Nilimuuliza kama hasikitiki kukosa wapita njia. “Dada yangu, kodi ya chini na kilemba chake vingenifilisi. Wateja wangu hata ngazi hawazijui.”

Nikakaa naye mpaka mchana, na kazi yangu yote ikageuka. Fremu tuliyozoea kuchora ni kioo mbele, geti la kukunja, na kuta tatu za rafu mpaka darini. Yeye kioo amekifunika kwa pazia kwa sababu kinarudisha mwanga kwenye simu. Anachohitaji ni ukuta mmoja mtupu uliopakwa rangi moja, dirisha la kweli, soketi nyingi kuliko nilizowahi kuweka kwenye chumba cha ukubwa ule, na meza ya kufungia mizigo. Akikodi na chumba cha jirani, atataka kuvunja ukuta wa katikati. Basi ukuta huo usibebe kitu.

Kisha korido. Hapa ndipo niliposimama muda mrefu zaidi, maana biashara ya namna hii imehamishia msongamano ndani. Maboksi yalikuwa yamepangwa kwenye ngazi pande zote mbili, na kuli aliyebeba belo la mitumba alilazimika kupita kiubavu. Moto ukitokea pale, sitaki hata kuwaza. Kwenye mchoro wa Haji nimeweka ngazi mbili zinazotokea pande tofauti, lifti ya mizigo, na stoo ndogo kila ghorofa ili maboksi yasipate kisingizio. Mpwa wake alipendekeza ngazi ya pili tuiondoe, tuchimbe na beizimenti. Tangu jengo lile la Kariakoo liporomoke Novemba 2024 na kuua watu, mimi nikisikia neno hilo nauliza kwanza nani atasaini. Hajaniuliza tena.

Mama lishe naye nimemwekea sinki na meza kila ghorofa. Kanuni yetu ya mteja hapandi ngazi haikumhusu kamwe. Miaka yote amepanda na hotipoti zake, akashuka na sahani chafu, na hakuna mchoro uliowahi kumtaja.

Tulichogombana na Haji ni uani. Bodaboda wa vifurushi wanasubiri barabarani, wanaziba mlango, mgambo wakija wanatawanyika, mzigo unachelewa basi. Nikapendekeza nyuma, palipokuwa uani, pabaki wazi: lango la kuingilia kutoka uchochoroni, kivuli, benchi, na dirisha la kupokelea vifurushi chini ya lifti ya mizigo.

“Hapo zinakaa fremu mbili, mwanangu.”

“Zinakaa, Haji. Ila za juu zote zitahama zikimfuata mwenye sehemu ya kupakilia.”

Alikwenda kuswali Adhuhuri, akarudi na hesabu zake. Dirisha lile, akasema, apewe wakala wa mizigo, awahudumie wapangaji wote na majirani pia. Benchi sawa. Kivuli sawa. Nikaanza kukunja ramani nikidhani tumemaliza, naye akanishika mkono: huyo wakala nimkadirie kilemba cha shilingi ngapi?